Simu yako na mnara wa bandia
Ndugu yangu, umeuliza kama polisi wa Marekani wanaweza kuisaka simu yako bila kibali cha mahakama. Kwa miaka mingi walifanya hivyo kimyakimya. Kifaa wanachotumia kinaitwa Stingray: kinajifanya mnara wa simu, na simu zote za karibu zinajiunga nacho zenyewe. Wewe umelala, simu iko chini ya mto, nayo imeshajitambulisha kwa gari la polisi lililoegeshwa nje. Hapo ndipo panaponiuma sana, anasakwa mtu mmoja, wanapekuliwa mtaa mzima! Mwaka 2015 mpelelezi wa polisi wa Baltimore, jiji la jimbo la Maryland, alieleza mahakamani kwamba polisi wa jiji hilo walikitumia mara 4,300 hivi tangu 2007, huku wakibanwa na mkataba wa siri na FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Maryland ikasema kibali ni lazima. Na 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya Marekani ikadai kibali pia kwa rekodi za mahali ulipokuwa zinazotunzwa na kampuni za simu. Kuzima GPS hakukusaidii, maana Stingray inafuata mtandao wa laini yako.