Kidonge cha wiki, serumu ya mwaka au sindano ya miezi sita?

Barua za mwezi huu kutoka Goma na Bukavu zimerudia neno moja, osteoporozi (mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi), na karibu zote zinauliza jambo lile lile: daktari ameandika dawa, familia imesikia habari za madhara yake, sasa asikilizwe nani? Tumechukua nne na kuzifupisha.

SWALI: Nina miaka 63. Mwezi wa tatu niliteleza kwenye mawe ya volkano mbele ya nyumba, nikavunjika kifundo cha mkono. Mwanangu alinipeleka Kampala nikapimwa mifupa. Karatasi inaonyesha alama ya T ya −2,9 mgongoni na −2,4 kwenye nyonga. Daktari ameniambia nichague: kidonge cha kila wiki, serumu ya mara moja kwa mwaka, au sindano ya kila miezi sita. Kiungulia hunisumbua mara moja moja. Jirani anasema dawa hizo zinaozesha taya. Nichague ipi? Mama wa Himbi, Goma.

Mama, tuanzie kwenye karatasi yako. Alama ya T inalinganisha mifupa yako na ya mwanamke kijana mwenye afya. Kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya −1 na −2,5 mfupa umeanza kupungua. −2,5 na chini ya hapo ndiyo osteoporozi. Mgongo wako umeshavuka mpaka. Na hata ungepata −2,3 tungekuwa na wasiwasi bado, kwa sababu hukugongwa na pikipiki wala hukudondoka ngazini: uliteleza tu ukiwa umesimama. Mfupa uliovunjika kwa namna hiyo mara nyingi hufuatwa na mwingine, na wa pili unaweza kuwa nyonga au pingili ya mgongo. Kwa hiyo dawa unaihitaji. Linalobaki ni kujua ipi utaweza kuitumia sawasawa, hapo hapo Goma, kwa miaka kadhaa.

Kidonge cha wiki kwa kawaida ni alendronati ya mg 70 (kwenye sanduku utasoma *acide alendronique*) au risedronati ya mg 35. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na hedhi ikishakoma wabomoaji huwashinda wajenzi. Dawa hii hujishika kwenye mfupa na kuwapunguzia wabomoaji kasi. Haihitaji friji wala muuguzi. Ugumu wake uko kwenye kukinywa. Utumbo hufyonza chini ya asilimia 1 ya kidonge hicho, na hata hiyo hupotea ukikichanganya na chakula. Tena kikikwama kwenye umio, bomba la chakula, huchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Ndiyo maana masharti yake hayana mchezo. Chagua siku moja ya wiki ambayo hukimbilii sokoni wala misa ya kwanza. Asubuhi, kabla hujaweka kitu chochote kinywani, meza kidonge kizima kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida, ml 200 hivi. Si chai, si kahawa, si maziwa, si maji yenye madini mengi. Usikitafune, usikimung'unye. Halafu kwa dakika 30 usile, usirudi kitandani, na usiiname kufua nguo. Nusu saa ikipita, kunywa chai yako. Kidonge cha kalsiamu kisubiri chakula cha mchana au cha jioni, maana hicho ndicho huzuia alendronati kuliko kitu kingine. Ukisahau siku yako, meza kesho yake asubuhi, kisha wiki inayofuata urudi kwenye siku ile ile. Usimeze viwili kwa siku moja.

Kiungulia cha mara moja moja hakikufungii mlango. Kinachoufunga ni umio uliobana, chakula kinachokwama ukimeza, au kushindwa kukaa wima nusu saa. Ukijaribu kidonge na kiungulia kikazidi, au kumeza kukaanza kuuma, acha hapo hapo na urudi kwa daktari. Wengi humaliza sanduku kwanza kwa sababu wamelilipia. Umio haujui bei.

Serumu ni asidi ya zoledroniki ya mg 5, inayopitishwa mshipani kwa dakika zisizopungua 15, mara moja kwa mwaka. Ni ndugu wa kidonge, ila haipiti tumboni, hivyo kiungulia chako hakina neno nayo. Yenyewe inaangalia figo. Kabla ya kuwekewa, upimwe kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na kalsiamu katika damu, na upungufu wa vitamini D ukiwapo urekebishwe kwanza. Figo zikichuja chini ya ml 35 kwa dakika, serumu hiyo hapana. Siku yenyewe unywe glasi mbili za maji kabla, na usiwe unameza diklofenaki, ile inayouzwa kila kona, kwa ajili ya magoti. Tena angalia chupa: dawa hiyo hiyo hutengenezwa pia kwa mg 4, ya wagonjwa wa saratani iliyoingia mifupani, na ratiba yake ni nyingine kabisa. Mtu wa farmasia akisema "ni moja tu hiyo", usikubali.

Sindano ni denosumabu ya mg 60, chini ya ngozi, kila miezi sita. Inafanya kazi vizuri, na hata mwenye figo dhaifu anaweza kuipata, ila kwake kalsiamu ya damu hufuatiliwa kwa karibu maana inaweza kushuka vibaya. Tatizo ni kwamba haikai kwenye mfupa. Ukichelewa, wabomoaji waliokuwa wamefungiwa hutoka wote kwa pamoja, na pingili mbili tatu za mgongo zinaweza kuvunjika ndani ya miezi michache. Tena inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye mkono wako. Goma umeme unakatika, njia zinafungwa, mpaka wa Gisenyi leo uko wazi na kesho hatujui. Maoni yetu hayana kona: asiye na hakika ya kuipata kila miezi sita, bila kukosa, asiianze.

Ziko pia dawa zinazojenga mfupa mpya, kama teriparatidi, sindano ya kila siku kwa muda usiozidi miezi 24. Ni ghali sana na huandikiwa hasa wenye pingili zilizokwisha vunjika. Daktari wako hakukutajia, nasi hatumlaumu.

Sasa taya. Jirani yako hakutunga. Dawa hizi, sindano ikiwemo, zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone baada ya kung'olewa jino. Lakini kwa dozi za osteoporozi hilo hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 10 000 hadi 100 000 kwa mwaka. Visa vingi vinavyosimuliwa ni vya wagonjwa wa saratani, wanaopewa serumu ya mg 4 karibu kila mwezi. Upande wa pili wa mizani, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa serumu ya mwaka, kwa miaka mitatu, ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 70 na kwa nyonga kwa asilimia 41. Cha kufanya ni hiki: nenda kwa daktari wa meno kabla ya kuanza, jino bovu ling'olewe sasa na kidonda kipone kabisa, ndipo dawa ianze. Baadaye, kila atakayekushika meno aambiwe unatumia dawa gani.

Kuna dhara jingine linalosemwa kidogo kuliko taya, nasi tunaona lingestahili kusemwa zaidi: mfupa wa paja kupata ufa katikati, baada ya miaka mingi ya dawa. Hutanguliwa na maumivu ya paja au kinena yanayodumu wiki kadhaa. Ukiyapata, piga picha mapaja yote mawili, hata kama linauma moja. Kwa sababu hiyo kidonge hupitiwa upya baada ya miaka 5 na serumu baada ya mitatu, kuona kama unaweza kupumzika. Kupumzika kunawezekana kwa hizo mbili kwa kuwa hubaki mfupani kwa muda mrefu. Kwa sindano hakuna mapumziko ya namna hiyo.

Kwa hali yako, figo zikiwa nzima, sisi tungeanza na serumu. Ikikosekana, kidonge kwa masharti yake yote.

SWALI: Mama yangu, miaka 70, aliwekewa serumu ya mifupa siku ya Jumatatu. Jumanne alikuwa na homa, mwili mzima unamuuma, tukampa dawa ya malaria. Jumatano jioni akapoa. Mwakani tumkatalie? Binti wa Kadutu, Bukavu.

Msimkatalie, dada. Kwenye serumu ya kwanza karibu watu 3 kati ya 10 hupata homa, baridi, na maumivu ya misuli na viungo. Huanza ndani ya siku moja au mbili na kwa kawaida huisha kufikia siku ya tatu. Mwaka wa pili wanaopatwa ni chini ya 1 kati ya 10. Mwakani apewe parasetamoli siku hiyo hiyo na kesho yake, mg 500 hadi 1000 kila saa sita, isizidi g 3 kwa siku kwa umri wake, na pungufu ya hapo akiwa mwembamba sana.

Mlipoteleza ni kumpa dawa ya malaria bila kipimo. Hapa kwetu homa yoyote huitwa malaria, na huenda ikawa kweli, kwa maana serumu haimkingi mtu na mbu. Achomwe kidole, apimwe: ikionekana atibiwe, isipoonekana apumzike. Kinachotaka hospitali mara moja ni homa inayopita siku ya tatu, mkojo kupungua, ganzi au michomo kama ya sindano midomoni na vidoleni, misuli kukakamaa (hapo kalsiamu imeshuka), au jicho jekundu lenye maumivu.

SWALI: Baba alikuwa anachomwa sindano ya miezi sita Kigali. Ya mwisho ni ya mwezi wa kwanza. Sasa ni mwezi wa tisa, safari imeshindikana. Yeye anasema haumwi popote. Tuiache? Kijana wa Ndosho, Goma.

Hapana, na hili lisingoje wiki ijayo. Alitakiwa kuchomwa mwezi wa saba. Amechelewa miezi miwili, na ndio muda ambao pingili huanza kuvunjika. Kutoumwa hakumtoi kwenye hatari, kwani pingili nyingine huvunjika kimya na mtu hugundua kaunda la zamani limekuwa refu.

Mkiipata sindano ndani ya siku chache, achomwe. Msipoipata, daktari aliye karibu nanyi amwekee serumu ya zoledroniki baada ya kupima figo na kalsiamu, au amwanzishie alendronati ya kila wiki. Hizo ndizo hushikilia mfupa sindano inapoisha. Mweleze daktari tarehe ya sindano ya mwisho. Bila hiyo anaweza kudhani ni mgonjwa mpya asiye na haraka. Maumivu ya ghafla ya mgongo yakitokea, hata baada ya kukohoa tu, apigwe picha ya eksirei. Na kwa sasa bidon la lita 20 abebe mwingine, maana kilo 20 kwa mgongo ulioinama ndizo huvunja. Lita tano tano zinatosha.

Ulizeni pia chanzo. Kwa mwanamume mara nyingi kuna kitu nyuma yake: pombe, homoni ya kiume iliyopungua, tezi ya shingo, au prednisoloni (dawa ya pumu na uvimbe) iliyomezwa kwa miaka.

SWALI: Mimi sina imani na dawa hizo. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani), maziwa na unga wa ganda la yai havitoshi? Halafu dada yangu, miaka 48, anameza dexa ili anenepe. Inahusiana na mifupa? Msomaji wa Bagira, Bukavu.

Vya kwanza vinasaidia, havitoshi. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kalsiamu mg 1200 hivi kwa siku. Glasi ya maziwa au mashanza (maziwa yaliyoganda) ya ml 250 inatoa kama 300, kipande cha gramu 30 cha fromaji (jibini) ya Masisi kama 200, na sambaza huliwa na mifupa yake, kwa hiyo si haba. Kinachopungua ndicho kijaziwe na kidonge, 500 kwa mara moja pamoja na chakula (kidonge kilichoandikwa kabonati mg 1250 ndicho hicho cha 500), na vitamini D yuniti 800. Ganda la yai kweli ni kabonati ile ile, ila huwezi kupima unakula kiasi gani, na lisipochemshwa hubeba vijidudu vya kuhara. Vyote hivyo ni tofali na saruji. Wabomoaji wakiwa bado kazini, ukuta hausimami; dawa zinahitaji kalsiamu, na kalsiamu peke yake haifanyi kazi ya dawa.

Dexa, yaani deksametazoni, inahusiana sana. Huwapunguza wajenzi wa mfupa, na hasara kubwa hutokea katika miezi ya kwanza kabisa. Unene anaouona usoni ni maji na mafuta yaliyohama. Mapaja na mikono inakonda wakati mashavu yanajaa. Mwambie asikate ghafla leo. Akiwa ameitumia zaidi ya wiki tatu, tezi zake zimezoea kutotengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo, na kukata kwa mara moja kunaweza kumwangusha: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka. Aende kwa daktari na pakiti mkononi, ajue ameimeza tangu lini na mara ngapi kwa siku, apangiwe namna ya kupunguza kidogo kidogo.