Je, huyu ni Myrmarachne?

Umeuliza kama mdudu wako anayefanana na chungu ni buibui wa jenasi Myrmarachne. Kwanza hesabu miguu. Ikiwa ni minane, ile miwili ya mbele ikiinuliwa na kutikiswa kama vipapasio vya chungu, basi si chungu. Kisha mtazame usoni: macho mawili makubwa yaliyoelekea mbele, na mengine sita madogo pembeni na nyuma yake. Hilo linakuonyesha familia tu, yaani buibui warukaji.

Kinachoelekeza kwenye jenasi ni umbo la mwili. Kichwa kimeinuka, halafu kuna mbonyeo kabla ya kifua, na kati ya kifua na tumbo kuna kikonyo chembamba kinachoonekana wazi ukimtazama kwa ubavu. Ndiyo maana picha ya kutoka juu peke yake haitoshi. Dume ana taya ndefu mno zilizonyooka mbele, na akimkabili dume mwenzake huzifungua kwa upana. Hupata urefu huo anapojivua gamba kwa mara ya mwisho. Jike hana taya hizo. Kwake angalia vile viungo vidogo vya mdomoni, ncha zake zimetandazwa kama kijiko.

Tahadhari moja: mwaka 2016 mtaalamu wa buibui Prószyński aliigawa jenasi hii katika jenasi kadhaa, kwa hiyo jina la uhakika hutokana na viungo vya uzazi chini ya hadubini. Tafadhali tuma picha ya ubavuni, taya zionekane.