Barua kwa mwanangu: kabla ya friza, angalia kwanza ndoo ya taka

Marahaba mwanangu, huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza mpaka mwisho, na naona umeniuliza mambo mawili ukayafunga kitita kimoja. La kwanza, nyie wawili wote mna kazi na bado mwezi haujafika mwisho hela imekata, sasa sisi na mshahara mmoja tuliwezaje. La pili, je uchukue ile friza ya kulipa kidogo kidogo ili uanze kununua vitu kwa jumla. Nakuandikia manake kwenye simu ungenikatiza kila nikianza kuongea.

Hilo la kwanza nikujibu kwa ukweli tu, sisi hatukuwa wajanja kuliko nyie. Vitu vya kulipia vilikuwa vichache. Hakukuwa na bando la intaneti, hakukuwa na kifurushi cha tv kinachojikata chenyewe hata mwezi ambao hakuna aliyeiwasha, hakukuwa na mtu wa kukuletea chakula mlangoni kwa kubonyeza simu. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umeshindwa kitu mama yako alikiweza, tulikuwa tunacheza mechi tofauti. Ila jikoni ni kulekule, na jikoni ndo nataka tukae muda mrefu leo.

Mwezi huu usibane chochote. Kula mnavyokula, nunua mnavyonunua, ila chukua daftari ulitundike jikoni na kalamu yake kwa kamba, kila hela inayotoka iandikwe, ya kwako na ya mumeo, mpaka vocha, mpaka pipi za watoto. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa upande wa pili wa daftari, huu ndo watu hawaufanyi, andika mlichotupa. Wali wa juzi, nusu ya mkate wenye ukungu, mboga zilizolala kwenye droo ya friji mpaka zikawa maji, maziwa yaliyoganda. Usione aibu, hamko peke yenu, kuna ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa karibu tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia kama 60 ya hicho kilitoka majumbani kwa watu, sio kwenye mahoteli wala madukani. Majumbani! Yaani mtu anatafuta ofa wiki nzima apunguziwe bei kidogo afu nusu ya alichopunguziwa kinaishia kwenye ndoo.

Ndo maana mimi nasema kubana matumizi sio kununua vya bei rahisi, ni kumaliza ulichokwisha nunua. Ukilishika hilo mengine yanajipanga.

Unalifanyaje? Kwanza acha kupanga chakula kwa hamu, panga kwa kinachotaka kuharibika. Kabla hujaenda kununua fungua friji na kabati, uone kipi kiko hatarini, hicho ndo kitakachopikwa leo na kesho. Mboga za majani zianze, karoti na kabichi zitasubiri, maharage na nafaka zitasubiri zaidi. Tenga rafu moja ya friji, ya mbele inayoonekana, iwe ya vitu vya kuliwa kwanza, na wote nyumbani wajue mwenye njaa anaanzia hapo. Kitu kipya kikija kinawekwa nyuma, cha zamani kinasogezwa mbele. Vitunguu na viazi usiviweke kapu moja vinaharibiana. Ndizi zilizoiva nazo zikae mbali na matunda mengine manake zinatoa gesi inayoivisha wenzake haraka, ila kama una parachichi gumu na unalitaka kesho basi liweke karibu nazo makusudi.

Viporo navyo vina adabu zake. Usiache sufuria mezani mpaka asubuhi eti kwa sababu utapasha. Chakula kikae nje kisizidi masaa mawili, kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie friji yenye nyuzi 4 au chini yake, na kiliwe ndani ya siku tatu nne. Wali ndo uuogope zaidi, kuna bakteria mbegu zake hazifi kwenye kupika, wali ukikaa kwenye joto zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata upashe moto vipi haiondoki. Kuokoa sahani ya wali afu watoto waharishe usiku kucha, hapo umeokoa nini?

Kitu kingine kinachotupisha watu chakula bure ni tarehe kwenye pakiti. Kuna ile inasema bora kabla ya siku fulani, hiyo ni ya ubora, biskuti au tambi zilizopita siku kadhaa na pakiti haijafunguliwa angalia, nusa, onja, mara nyingi ziko salama tu. Ila ile inayosema mwisho wa kutumia, ya nyama na vitu vya friji, hiyo iheshimu hata kama kitu hakinuki.

Sasa moto. Najua unapika kwa haraka ukitoka kazini na unafungulia gesi mpaka mwisho. Mwanangu, maji yakishachemka yamechemka, ni nyuzi 100 hapo, ukiongeza moto hayawi ya moto zaidi, yanakuwa mvuke tu unaotoka na hela yako. Kikichemka punguza moto, funika. Maharage yaloweke usiku kucha, yale maji yamwage, upike na mapya, muda unapungua sana. Na kama mtapata sufuria ya presha hiyo naiunga mkono mia kwa mia, ndani yake joto linapita 100 mpaka karibu 120 kwa sababu mvuke umebanwa, ndo maana kitu cha masaa mawili kinaiva kwa dakika arobaini hivi au chini. Hata bila hiyo, kuna njia ya zamani, chakula kikishachemka vizuri unaepua sufuria na mfuniko wake, unaifunga kwa mablanketi mazito ndani ya kapu au boksi, kinaendelea kuiva chenyewe masaa kadhaa bila moto. Ila maharage mekundu lazima kwanza yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili, kumi usipunguze, yana sumu yake ya asili ambayo joto dogo haliiui, na ukifungua kapu ukute chakula kimekuwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kula.

Haya, friza. Jibu langu ni hapana, kwa sasa. Kununua jumla kunasaidia kwa vitu viwili tu, kisichooza na mnachokimaliza kila mwezi bila kukosa. Sabuni, chumvi, nafaka, sawa. Na hata hapo usiamini maandishi ya ofa, gawa bei kwa gramu au kwa lita kwenye simu yako hapohapo dukani, mara nyingine pakiti kubwa ndo ghali na ndogo ndo nafuu, wenye maduka wanajua hatuhesabu. Alafu kuna kitu nimekiona miaka yote ya kulea, vitu vikijaa ndani vinaliwa haraka zaidi, watoto hawali biskuti kwa njaa wanakula kwa kuziona, kwa hiyo ile hesabu ya "nitanunua mara moja zitakaa miezi miwili" inabaki kwenye karatasi. Friza inafaa kwa mwenye kuijaza. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, umeme ukikatika inahifadhi baridi kama masaa 48, ikiwa nusu ni 24, lakini ikikaa tupu inakula umeme kugandisha hewa. Na jumlisha yale malipo ya kidogo kidogo yote mpaka la mwisho, linganisha na bei ya taslimu, uone hiyo tofauti ingenunua nini. Nakupa mtihani: hela ile ungeilipa kila mwezi kwa muuzaji, jilipe mwenyewe miezi sita, iweke mahali usipopafikia kirahisi. Ukiweza bila kukwama, nunua taslimu na mimi nitakuja kuifurahia. Ukishindwa mwezi wa pili basi ungeshindwa na muuzaji pia, tofauti ni kwamba yeye angekuja kuibeba.

Umeme usikuumize kichwa sana, jua tu kwamba kinachokula ni kitu chochote kinachotengeneza joto. Pasi, birika la umeme, hita ya kuogea, oveni. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, pasi nyingi ziko hapohapo kwenye wati elfu moja na kuendelea, wakati taa ya LED ya wati 9 ambayo inatoa mwanga kama ile balbu ya zamani ya wati 60 inaweza kuwaka zaidi ya masaa 100 kwa yuniti hiyohiyo. Kwa hiyo mumeo anayezunguka kuzima taa afu anapiga pasi shati moja moja kila asubuhi, mwambie kwa upole. Nguo zipigwe pasi zote kwa siku moja, na birika liwekwe maji ya vikombe vinavyonywewa tu.

Bomba linalodondosha litengenezwe wiki hii, mara nyingi ni ule mpira wa ndani tu na ni kitu kidogo, lakini tone moja kila sekunde kwa mwaka ni maelfu ya lita. Na choo pia, tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi, subiri robo saa, ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli ujue maji yanavuja usiku na mchana kimyakimya. Siki inasafisha ule ukoko mweupe wa chokaa wa ndani ya birika vizuri kuliko madawa mengi, ila mwanangu usije ukaichanganya na blichi hata siku moja, inatoa gesi ya klorini, inaua.

Sasa kuna kitu ulikitaja harakaharaka kwenye voisi ukakipita, nami nikasimama hapohapo. Ulisema "na vile vimkopo vya simu". Vingapi? Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi unaonekana mdogo kwa sababu hela yenyewe ndogo, lakini ukiusogeza mbele mwezi hadi mwezi mwaka mzima umelipa asilimia 120 ya riba na deni lenyewe bado liko palepale. Hakuna kufunika sufuria kutakakoziba tundu hilo. Mimi nahisi, na daftari litaniambia kama nakosea, sehemu kubwa ya hela yenu inaishia hapo na sio sokoni. Kila kinachopatikana jikoni miezi hii ya mwanzo kisiende kwenye akiba wala kwenye friza, kiende kuua hivyo vimkopo, uanze na chenye riba kubwa, ukikimaliza ile hela yake iongeze kwenye kinachofuata. Na programu zenyewe uzifute kwenye simu siku unapomaliza, usiseme naiacha ya dharura, hiyo ndo lugha yao.

Kuna vya kutobana. Dawa usiigawe nusu. Viatu vya watoto vinavyobana vibadilishwe. Waya wa umeme na mtungi wa gesi visiwe vya mitumba isiyojulikana. Na godoro, mtu asiyelala vizuri ananunua hovyo mchana kwa sababu ya uchovu, nimeliona hilo kwa watu wengi.

Mumeo usimpelekee hii barua kama hukumu. Mwanaume akisikia "mama amesema" anaziba masikio, hata baba yako alikuwa hivyohivyo kwa bibi yako. Kaeni wawili watoto wakilala, daftari katikati, kila mmoja ataje kitu chake kimoja ambacho hataki kiguswe, cha kwako kiwe kusuka kama ni hicho, cha kwake kiwe mpira na marafiki, viandikwe juu kabisa na kiasi chake na mwenzake asiviongelee tena. Watu hawavunji bajeti kwa sababu ni wabaya, wanaivunja kwa sababu wamekatwa kila kitu. Kinachobaki mgawane majukumu, mmoja soko na mmoja bili, na mkibadilishana baada ya miezi mitatu kila mtu atajua mwenzake anabeba nini. Watoto nao waambieni kiasi chao, mkubwa ana akili ya kuelewa kwamba wiki hii juisi hamna, mpe yeye kazi ya kuangalia ile rafu ya mbele kila jioni aseme kuna nini cha kuliwa kwanza, utashangaa atakavyowasimamia.

Orodha ya hivyo vimkopo nitumie Jumapili, yote, hata kile unachoona aibu kukitaja. Baba yako sitamwonyesha.

Mama yako