Maswali yenu juu ya Ghidra, programu ya kuchungulia ndani ya programu zingine, bandugu ba Bukavu

Mukubwa, nilifungua programu yangu mu Ghidra nikaona mistari elfu na elfu, nianzie wapi? (mwanafunzi, Kadutu)

Usianzie juu! Ile kodi iko pale kwenye entry (mlango wa kuingilia) si yako, ni ya kompaila, ile yenye kugeuza kodi yako ikuwe programu, inatayarisha mambo mbele ya kuita main, fonksio yenye kodi yako inaanzia. Kama ni programu ya Linux utaona inaita __libc_start_main, na kitu ya kwanza inapewa njo main yenyewe, ingia pale. Lakini njia napenda zaidi ni maneno: enda ku Window, kiisha Defined Strings, tafuta sentensi yenye programu inaandika ku ekra, tuseme "Mot de passe incorrect", bofya mara mbili, angalia XREF pembeni (orodha ya fasi zenye kuitumia), itakupeleka mu fonksio yenye kuitumia na ile kipimo inaamua neno la siri ni sawa ao hapana iko karibu kabisa pale. Ukishaelewa fonksio, bonyeza L uipatie jina, hata jina ya haraka tu, maana itaonekana kila fasi inaitwa. Wengi wanaruka hii kazi ya majina wanachoka siku ya kwanza, na inaniuma kweli.

Mishale ya rangi mu ile mchoro ya fonksio (Function Graph) ni nini? (Ibanda)

Kijani: sharti imetimia, prosesa inaruka. Nyekundu: haikutimia, inaendelea chini. Bluu inaruka bila sharti. Mshale wenye kurudi juu ni bukle, kodi yenye kurudiliwa. Ila angalia, kompaila mara mingi inageuza sharti yako, basi kijani inaweza kuwa else yenye uliandika.

Mbona ile kodi ya C Ghidra inanirudishia haifanane na yangu? (Bagira)

Haiwezi kufanana. Majina ya variabo zako kompaila haikuyaweka mu programu, isipokuwa kama ulikompaili na -g (yenye kuacha majina ndani), njo maana unaona iVar1, local_18, FUN_00101189. Tena ukitumia -O2 (kuomba kompaila iongeze mbio) fonksio ndogo zinamezwa ndani ya zingine na bukle zinabadilika sura. Ile C ni makisio ya Ghidra, makisio mazuri sana, lakini ukiona kitu haieleweke rudia asembli, maagizo yenyewe ya prosesa, pale njo ukweli iko. Na aina za data urekebishe mwenyewe: ukiiambia hii ni char * badala ya long, mistari kumi inakuwa safi mara moja.

Sina mega mingi. (Panzi)

Ghidra ni ya bure tangu 2019, NSA, shirika la upelelezi la Marekani, njo iliitoa. Inapita mega 300, na inaomba Java pia, basi mmoja apakue, wengine mukopi na kle ya USB. Kiisha inatumika bila intaneti.

Nikifungua virusi ndani yake, itaniharibia mashini? (Kadutu tena)

Ukiitumia kwa kusoma kodi tu, Ghidra haianzishe ile programu. Hatari ni kidole chako, ukibofya faili yenyewe mara mbili ku desktopu. Ifunge mu zip yenye neno la siri, na uifungulie mu mashini ya virtueli yenye haiko na intaneti.