Chrome ya iPhone si Chrome unayoijua

Dada wa Shela, usimlipe huyo fundi wa tovuti kwanza! Umeuliza kivinjari kipi kinafuata viwango vya wavuti vizuri zaidi, na kipi kitakubali Windows 7 ya hapo mapokezi. Lakini lililonishtua ni lile la mwisho: eti fundi amesema tovuti ya nyumba yako ya wageni ikifunguka kwenye Chrome basi imetosha, mwenye iPhone naye atapakua Chrome.

Maneno hayo hayo niliambiwa hapa Malindi, nikayaamini. Picha zote za vyumba zikawekwa kwa WebP, muundo wa faili za picha, ili ziwe nyepesi. Kwenye kompyuta safi, kwenye Android safi. Ulipoingia msimu wa Agosti, wageni wa Kiitaliano wakaanza kuniandikia kwamba hawaoni picha. Mmoja alinitumia skrini ya iPhone 6 yake: juu jina la nyumba, chini bei, katikati vibokisi vitupu vyenye alama ya kuuliza. Fundi wangu akasema mgeni apakue Chrome. Akapakua, vibokisi vikabaki vile vile. Akadhani sisi matapeli, akaenda kulala kwa jirani na familia yake nzima.

Apple iliamuru kila kivinjari cha iPhone kitumie injini yake, yaani ile programu ya ndani inayochora ukurasa, iitwayo WebKit. Chrome, Firefox, Edge, zote humo ni jahazi moja lililopakwa rangi tofauti. Umoja wa Ulaya uliwabana hadi wakalegeza huko mwaka 2024, si huku kwetu. Na injini hiyo hupanda pamoja na iOS yenyewe, mfumo unaoendesha iPhone: iPhone 6 iliishia iOS 12, WebP ikaja na Safari 14, kivinjari cha Apple ndani ya iOS 14, mwaka 2020. Sasa mgeni apakue nini? Mtu anajiita fundi, anakula pesa za watu, na hili halijui! Nilipomrudia akaniambia mgeni anunue simu mpya. Anunue simu ndipo aone kitanda changu?

Uliza injini, usiulize jina. Blink imo ndani ya Chrome, Edge na Opera za kompyuta na Android. Gecko ni ya Firefox. WebKit ndiyo ya Safari. Azima iPhone kuukuu, fungua ukurasa wa kuweka nafasi, chagua tarehe, fika hadi kwenye malipo. Picha za WebP fundi aziwekee za akiba kwa JPEG, muundo wa zamani ambao simu kuukuu inaufungua. Hapo ndipo umlipe.

Kwa Windows 7 ya mapokezi, Chrome iliishia toleo la 109. Weka Firefox ESR 115 (ESR ni matoleo ya Firefox yanayotunzwa kwa muda mrefu).

Nani hapo Shela ana iPhone ya zamani? Mwombe leo hii.