Mwanangu, ile dhahabu uliyoiona Lisbon

Mwanangu mpenzi, salamu kutoka Kilwa Masoko. Mama yako mzima, bibi naye mzima ila mguu tu unamsumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, unasema umeingia makumbusho hapo Lisbon ukakuta chombo cha kanisani cha dhahabu, mitume 12 wamepiga magoti, na kibao kinasema dhahabu ile ilitoka Kilwa, ukaganda pale pale, halafu ukaniuliza: baba, ilifikaje huku, na ilikuwa yetu kweli? Naandika maana kwa simu nisingemaliza.

Anza na pilipili manga. Ulaya walikuwa wanaitaka sana, na mdalasini, na karafuu, ila mpaka ifike kwao imeshapita Misri, imeshapita kwa matajiri wa Venice, kila mkono umeongeza chake na bei imepaa. Wareno wakaona bora kuizunguka Afrika yote kwa bahari wakanunue wenyewe. Nahodha wao Vasco da Gama akafika Calicut, India, Mei 1498, tena kwa rubani aliyepewa Malindi, siku 23 tu, upepo wa kusi ndiyo unaanza. Kurudi akalazimisha safari wakati pepo hazijakaa sawa, ikamchukua miezi mitatu, watu wakafa kwa kiseyeye mpaka meli moja wakaichoma moto wenyewe, hakuna wa kuiendesha. Mvuvi yeyote wa hapa angemwambia subiri upepo wa kaskazi ushike.

Sasa sikiliza, jibu lako limeanzia hapa. Kule Calicut da Gama alitoa zawadi za mfalme: vitambaa, kofia, mabeseni, sukari, asali. Wakamcheka. Yaani Ureno haikuwa na kitu cha maana cha kuwauzia Wahindi, wale walitaka dhahabu, na dhahabu ya upande huu wa bahari ilikuwa inapitia mikononi mwa Kilwa. Ndiyo maana walitujia sisi. Vitabu nilivyosomeshwa mimi vilisema walikuja kueneza dini na kuvumbua, na dini ilikuwemo kweli, sikatai, lakini mtu aliyechekwa sokoni akarudi na mizinga huyo amerudi kutafuta mtaji.

Hiyo dhahabu haikuchimbwa Kilwa, hilo nataka ulijue vizuri. Ilichimbwa na watu wa bara, nyanda za juu za Zimbabwe huko, ikashushwa bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapandishwa kwa jahazi mpaka hapa, na masultani wetu wakala ushuru wakajenga msikiti mkubwa na jumba la Husuni Kubwa. Sarafu ya shaba ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, iliyopigwa hapa Kilwa, iliokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, huko huko bara. Kwa hiyo ukiniuliza ilikuwa yetu, nasema ilikuwa yetu na ya wale waliochimba, na wale wachimbaji hata kibao hapo Lisbon hawajapata.

Mwaka 1502 da Gama akarudi, safari hii na kundi la meli za mizinga. Akamtia mkononi Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akamwambia lipa au mji unaungua. Zikatoka mithqali 1500, zaidi ya kilo sita za dhahabu. Ikafika Lisbon 1503, Mfalme Manuel akaagiza itengenezwe chombo cha ibada, kikakamilika 1506. Mwanangu, mimi biashara naijua, nimeuza samaki miaka 30, kitu kinachotolewa mzinga ukiwa umeelekezwa nyumbani kwako hicho hakiitwi kodi wala zawadi.

Na haikutosha. Julai 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, askari wakashuka, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, wakajenga ngome. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Ngome ya hapa wakaiacha 1512, miaka saba tu, na biashara ya dhahabu ilikuwa imeshavurugika, wenye mali walitafuta njia nyingine za kuwakwepa.

Unaikumbuka ile ngome, pale tunaposhuka mashua Kilwa Kisiwani. Uliwahi kuning'ang'ania shati ukidhani kuna wafungwa ndani. Hii iliyopo sasa Waomani ndio walioijenga upya, ila Mreno ndiye aliyeanza, hata neno gereza lenyewe wanasema ni lake, igreja, yaani kanisa. Upande wa baharini mawimbi yameula, matumbawe na chokaa vimebaki wazi, ukiweka kidole kinaingia kati ya jiwe na jiwe.

Kuna jambo moja linanitesa na sitakuficha. Mkorosho asili yake Brazil, Wareno ndio walioleta pwani hii, na muhogo na mahindi vilivuka bahari zama hizo hizo. Ada yako ya chuo miaka yote mitatu ni korosho, ile mikorosho 40 ya babu yako. Nimekaa chini yake nikiwaza haya na bado sioni kama mti unalipa mji uliochomwa, ni vitu viwili tofauti na vyote vimetupata sisi.

Ukipata nafasi rudi pale makumbusho unipigie picha ya karibu, hapo chini wanapopiga magoti, nataka kuiona rangi ya ile dhahabu. Mimi Ijumaa baada ya swala navuka Kisiwani, maji yakiwa yamekupwa nitakupigia picha ya ule ukuta wa ngome.

Baba yako