C200 Kompressor: faili la Nairobi lilivyogonga Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza kama umwachie fundi Mercedes C200 Kompressor yako akutyunie kompyuta ya injini, yaani abadilishe faili la mipangilio yake, kwa dakika 45 kupitia tundu la OBD (lile la kuchomekea mashine ya kupima gari), akupe hiyo wanayoiita steji wani, nguvu ya ziada bila kubadilisha vipuri, uondoke zako. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Langu ni W203, lile umbo la C-Class la miaka ya 2000, la injini ya lita 1.8, nguvu farasi 163 kutoka kiwandani. Siku ile nilitoka gereji nacheka peke yangu. Thika Road lilikuwa linavuta kama limeshushwa mizigo. Miezi minne sikuona kasoro.

Desemba tukateremka Mombasa. Siku ya kurudi, familia ndani, buti imejaa, kiyoyozi kinavuma, napanda kutoka Miritini kwenda Mazeras, nikakanyaga mafuta nipite lori. Nikasikia mlio kama njugu zinazokaangwa kwenye sufuria kavu. Nikaachia. Nikakanyaga tena kidogo, mlio ule ule. Mke wangu akauliza kama tumeingia kwenye kokoto. Kutoka hapo hadi Voi niliendesha kama nimebeba trei za mayai.

Mlio huo ndio mafundi wanaouita kugonga. Kwa nini Nairobi gari halikuwahi kugonga? Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Supachaja, ndiyo hiyo Kompressor, ni pampu ya kuisukumia injini hewa; inazungushwa na beliti ya injini, kasi yake imeamuliwa na ukubwa wa puli. Ikipewa hewa nyepesi inasukuma nyepesi, ikipewa nzito inasukuma nzito. Tuseme inazidisha mara 1.5: Nairobi injini inapata 123, Mombasa inapata 152. Tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini, si hivyo, kompyuta inaweza kuiachia izunguke zaidi ifidie mwinuko. Kwa hiyo ushauri wa jamaa wa Subaru za tabo usiubebe mzima mzima, injini zao zinaishi maisha mengine.

Niliporudi nilipeleka gari kwa fundi mwingine. Akasoma faili, akafungua kwenye laptopu jedwali la cheche, linaloamua mafuta yawashwe mapema kiasi gani. Kushoto kwenda kulia ni mizunguko ya injini, juu kwenda chini ni mzigo, yaani hewa inayoingia kwenye silinda. Akaweka kidole kwenye mistari mitatu ya chini. "Hapa," akasema, "gari lako likiwa Nairobi halifiki hata siku moja." Fundi wa kwanza alikuwa ameteua jedwali lote kwa mkupuo mmoja, akaongeza digrii 4 kila kisanduku ili cheche iwahi zaidi, na ile mistari ambayo hakuijaribu ikaongezwa pia. Juu ya hapo alikuwa ameondoa kikomo cha mzigo, ambacho kiwandani hufungua kilango cha kurudisha hewa ya ziada. Nairobi hata ukikiondoa hutajua. Pwani ndicho kilichokuwa kinakulinda.

Na joto lake. Supachaja inaikandamiza hewa na kuichemsha, intakula ndogo, kile kipoza hewa, haimalizi kazi, na Mombasa hewa inaingia ikiwa tayari ya moto. Baadaye nilirekodi nyuzi 68 baada ya intakula, nikipanda pale pale. Hewa ya moto na nzito, cheche inayowahi mno: mafuta yanajilipukia yenyewe kabla ya wakati wake. Kompyuta ina sensa kwenye bloku inayosikiliza kugonga na kuchelewesha cheche, ila nayo ina mwisho wake. Pistoni ndiyo inayolipa deni linalobaki.

Fundi wa pili alirudisha mistari ya chini kama ilivyotoka kiwandani, akaacha digrii 2 za ziada kwenye mistari ya juu, akarudisha kikomo, na akaongeza ucheleweshaji wa cheche hewa ikizidi nyuzi 50. Gari linavuta kidogo kuliko la kiwandani, ila si kama siku ile ya Thika Road. Aprili nilishuka nalo tena na laptopu kwenye kiti cha abiria, sikusikia kitu.

Kwa hiyo ukienda, kwanza kagua mipira ya hewa na ya mvuke wa oili. Gari la miaka 20 likiwa linavuja, utakuwa unatyuni uvujaji. Dai faili la asili mkononi kabla hajaandika chochote. Kisha mwambie arekodi barabarani, gea ya tatu, kutoka mizunguko 2,000 hadi 6,000: joto la hewa, lamda (uwiano wa hewa na mafuta), na cheche inacheleweshwa digrii ngapi kwa kila silinda. Akikuambia hakuna haja, shika ufunguo wako uende nyumbani. Puli ndogo, ile ya kuizungusha supachaja kwa kasi zaidi, usiiguse kama pwani unaenda hata mara moja kwa mwaka.

Faili langu la kwanza bado liko kwenye flashi. Ukitaka kuiona ile mistari mitatu nitakuwekea picha hapa.